Takhti: Pahalawani aliyependwa kuliko medali zake

KATIKA Michezo ya Olimpiki na mashindano ya ubingwa wa dunia, mwanamieleka Gholamreza Takhti wa Iran alipanda jukwaa la washindi mara saba. Mara tatu alivishwa medali ya dhahabu. Mara nne alisimama ngazi ya pili na kuvishwa fedha, huku wimbo wa taifa la mtu mwingine ukipigwa. Wapo wanamieleka waliomzidi mbali kwa hesabu hiyo. Mpinzani wake mkubwa, Aleksandr Medved wa Umoja wa Kisovieti, alimaliza safari yake akiwa na dhahabu tatu za Olimpiki na ubingwa wa dunia mara saba.

Hata hivyo, Takhti alipofariki dunia mwezi Januari 1968, akiwa na umri wa miaka 37, maelfu kwa maelfu ya watu walimiminika kumzika na kumwombolezea. Hadi leo, viwanja vya michezo katika miji mingi ya Iran vinaitwa kwa jina lake, na mashindano ya kimataifa ya mieleka hufanyika nchini humo kwa kumbukumbu yake. Wairani walimpa lakabu ya Jahan Pahlavan, yaani pahalawani wa dunia, na tangu hapo ni nadra kulitaja jina lake bila lakabu hiyo. Je, watu hao walimpendea nini mtu ambaye medali zake nyingi zilikuwa za nafasi ya pili?

Swali hili linatuhusu nasi, ndugu msomaji. Vijana wetu wanakesha wakiwatazama wanamichezo, wananyoa kwa mitindo yao na kuvaa jezi zenye majina yao mgongoni. Mzazi anayetaka kuzungumza na mwanawe juu ya nani anayestahili kuigwa hatakosa faida katika kisa cha mwanamieleka huyu.

Maana ya pahalawani

Neno pahalawani si geni katika Kiswahili. Kamusi zetu za zamani zinalitaja kwa maana ya mtu wa sarakasi, yule apitaye juu ya kamba na kufanya viroja mbele ya hadhara. Asili yake ni Kiajemi, na katika safari ya kutufikia limepungukiwa na uzito wake. Waajemi humwita qahreman yule bingwa aliyeshinda mashindano. Neno pahlavan wamemwekea mwingine: mtu mwenye nguvu za mwili ambaye pia ana murua, ukarimu na huruma kwa wanyonge. Ubingwa hutolewa na waamuzi, lakini upahalawani hutolewa na watu wa mtaani, tena baada ya kumchunguza mtu kwa muda mrefu.

Mizizi ya jambo hili imo katika zurkhaneh, maana yake nyumba ya nguvu, ambako Wairani wamekuwa wakifanya mazoezi ya mwili kwa karne nyingi. Mlango wake kwa kawaida huwa mfupi, ili kila aingiaye, tajiri kwa maskini, ainamishe kichwa. Ndani mna uwanja uliochimbwa chini ya usawa wa sakafu. Humo wanaume huzungusha marungu mazito ya mbao, huinua mbao pana mfano wa ngao, na kutikisa upinde wa chuma wenye mnyororo. Juu yao huketi kiongozi aitwaye morshid, akipiga ngoma na kengele, akighani mashairi na kumtaja Mtume (SAW) na Sayyidna Ali (RA), ambaye kwao ni kielelezo cha ushujaa uliofungamana na uadilifu. Mwaka 2010 shirika la UNESCO liliziingiza desturi hizi katika orodha ya urithi wa utamaduni wa wanadamu.

Katika nyumba hizo husimuliwa hekaya ya Pourya-ye Vali, pahalawani wa Khwarezm wa karne ya 14. Inasemekana kwamba katika mkesha wa pambano lake alimsikia mama mmoja akiomba dua kwa machozi ili mwanawe ashinde, na mwana huyo ndiye aliyekuwa apambane naye. Kesho yake Pourya alijiachia akaangushwa. Iwe ni tukio la kweli au hekaya tu, hicho ndicho kipimo walichopimwa nacho wanamieleka wa Iran waliokuja baadaye, na Takhti akiwa mmoja wao.

Mtoto wa Khaniabad

Takhti alizaliwa tarehe 27 Agosti 1930 katika mtaa wa Khaniabad, kusini mwa Tehran, sehemu ya mji waliyoishi watu wa kipato cha chini. Jina la Takhti, kwa mujibu wa masimulizi ya familia, lilitokana na babu yake, muuza nafaka aliyekuwa na mazoea ya kuketi dukani juu ya takht, yaani kiti kirefu cha mbao. Familia iliwahi kuwa na nafasi, kisha ikafilisika, na Gholamreza akakulia katika dhiki. Masomo hayakufika mbali. Akiwa kijana alikwenda kutafuta kibarua Masjed Soleyman, mji wa visima vya mafuta kusini-magharibi mwa nchi, na baadaye aliajiriwa katika shirika la reli.

Mieleka aliianza katika klabu ya Poulad mjini Tehran. Mtindo aliouchagua ni ule uitwao mtindo huru, unaomruhusu mshindani kumshika mwenzake popote, hata miguuni, tofauti na mtindo wa Kigiriki-Kirumi unaokataza kushika chini ya kiuno. Anayemlaza mpinzani mabega yote mawili chini hushinda papo hapo. Wasipolazana, waamuzi hutoa hukumu. Ni mchezo usio na mahali pa kujificha, kwani hakuna mwenzako wa kumpasia mpira wala wa kumtupia lawama.

Na si mchezo wa kigeni katika historia ya Uislamu. Imepokewa habari ya Rukana, mwanamieleka hodari wa Makka, kwamba alipambana na Mtume (SAW) akaangushwa. Wanazuoni wamejadili nguvu ya isnadi ya habari hiyo, lakini imetajwa katika vitabu mashuhuri. Lililo thabiti zaidi ni yale mafundisho ya Mtume (SAW) ambayo wengi wetu tumeyasikia tangu madrasa, kwamba mwenye nguvu hasa si yule awabwagaye watu, ni yule aimilikiye nafsi yake anapoghadhibika.

Kutoka Helsinki hadi Melbourne

Mwaka 1951 yalifanyika mashindano ya kwanza ya ubingwa wa dunia wa mieleka ya mtindo huru, mjini Helsinki, Finland. Takhti, kijana wa miaka 20, alishindana katika uzito wa kilo 79 na kurejea na fedha. Mwaka uliofuata alirudi katika mji uleule kwa Michezo ya Olimpiki, na kwa mara ya pili akapata fedha, dhahabu ikichukuliwa na David Tsimakuridze wa Umoja wa Kisovieti.

Miaka minne baadaye, katika Olimpiki ya Melbourne, Australia, alikuwa amepanda uzito hadi kilo 87, na safari hii hakuna aliyemtangulia. Nyuma yake walisimama Boris Kulayev wa Umoja wa Kisovieti na Peter Blair wa Marekani. Katika michezo hiyohiyo Mwirani mwingine, Emam-Ali Habibi, naye alishinda katika uzito wa kilo 67. Hizo ndizo zilizokuwa medali za kwanza za dhahabu za Iran katika historia ya Olimpiki.

Baada ya hapo alifuatanisha mafanikio. Mwaka 1958 alitwaa dhahabu katika Michezo ya Asia mjini Tokyo. Mwaka 1959 mashindano ya dunia yalifanyika Tehran kwenyewe, naye akawa bingwa mbele ya watu wa mji wake. Mwaka 1961 alikuwa bingwa wa dunia kwa mara ya pili, mjini Yokohama, Japani.

Lakini katikati ya ushindi huo palikuwa na Roma. Katika Olimpiki ya 1960 alishindwa na İsmet Atlı wa Uturuki, na dhahabu aliyokuwa akiitetea ikamponyoka. Wahenga wetu walisema asiyekubali kushindwa si mshindani. Takhti alikubali, akarudi mazoezini, na mwaka mmoja baadaye ndipo akatwaa ule ubingwa wa Yokohama.

Goti la Medved

Mwaka 1962 mashindano ya dunia yalifanyika Toledo, katika jimbo la Ohio, Marekani. Takhti alikuwa na umri wa miaka 31 na amepanda uzito tena, hadi kilo 97. Huko alikutana na Medved, kijana aliyekuwa ndiyo kwanza anaanza kung'ara. Dhahabu ilikwenda kwa Medved; Takhti akachukua fedha.

Simulizi iliyoenea sana juu ya pambano lao, ambayo Wairani huwasimulia watoto wao, inasema kwamba Medved aliingia ulingoni akiwa ameumia goti la kulia, na Takhti alilijua hilo. Kwa mwanamieleka wa mtindo huru mguu wa mpinzani ni mlango mkubwa wa shambulio, na mguu wenye maumivu ni mlango usio na komeo. Takhti, inasemwa, hakuugusa. Alishambulia upande wa pili uliokuwa mzima.

Wapo watakaosema kwamba huo ni ujinga. Mwanamichezo ametumwa na nchi yake ashinde, kanuni zinamruhusu kuushika mguu wowote, na aliyeumia angeweza kujitoa. Hoja hiyo si ya kupuuzwa. Lakini tuangalie vizuri alichokifanya. Hakujiangusha kama Pourya wa katika hekaya, wala hakuuza pambano. Alipigana kwa nguvu zake zote kuutafuta ushindi, ila ushindi aliokuwa akiutaka ni wa kumshinda Medved mzima. Kushinda kwa kulikandamiza jeraha la mwenzake aliona hakumtoshi. Kanuni zilimruhusu, dhamiri yake haikumruhusu, naye akaifuata dhamiri. Hapo ndipo bingwa na pahalawani wanapoachana njia.

Tetemeko la Buin Zahra

Tarehe 1 Septemba 1962, mwaka huohuo wa Toledo, tetemeko kubwa la ardhi liliipiga wilaya ya Buin Zahra, upande wa magharibi wa Tehran. Vijiji vya nyumba za udongo viligeuka vifusi na zaidi ya watu 12,000 walipoteza maisha.

Takhti aliingia barabarani. Alitembea kwa miguu katika mitaa ya Tehran pamoja na wenzake, akiomba msaada kwa ajili ya walionusurika. Watu walitoka madukani na majumbani. Aliyekuwa na fedha alitoa fedha. Asiyekuwa nazo alitoa blanketi, nguo au chakula. Wanaosimulia siku ile hutaja hata watu waliovua makoti yao mwilini na kumkabidhi. Malori yalijazwa na kupelekwa kwa wahanga.

Tuyatafakari haya kwa makini, hasa sisi tunaohudumu katika kamati za misikiti na vyama vya kheri, ambao kila mwaka tunapitisha vikapu na fomu za michango. Watu hawatoi kwa sababu wameombwa tu. Hutoa wanapomwamini mwombaji, kwamba kilichotoka mfukoni mwao kitafika kinakokwenda. Imani hiyo Takhti hakuipata siku ya tetemeko. Aliikusanya kidogo kidogo kwa miaka mingi: kwa kuwasalimia wadogo na wakubwa wa mtaani kwao, kwa kuwasaidia wahitaji kimyakimya, kwa kushindwa bila kelele na kushinda bila majivuno. Siku ya haja ilipofika akaitoa yote kwa ajili ya watu wasiomjua. Nguvu za mwili ni amana, na jina zuri nalo ni amana.

Gharama ya jina

Inasimuliwa kwamba wafanyabiashara walimfuata mara kadhaa wakitaka sura yake katika matangazo, na watengenezaji filamu wakamtaka aigize, naye akakataa, ingawa hakuwa tajiri. Leo, ambapo majina ya wanamichezo hubandikwa hata juu ya matangazo ya kamari yanayowafilisi vijana wetu, kukataa kwa namna ile kunaonekana kama habari ya sayari nyingine.

Gharama nyingine ilikuwa ya kisiasa. Takhti alikuwa mfuasi wa Mohammad Mosaddegh, Waziri Mkuu aliyetaifisha mafuta ya Iran na kisha kupinduliwa Agosti 1953 kwa msaada wa Marekani na Uingereza. Baada ya mapinduzi hayo Shah alikuwa na mamlaka yote, na kumpenda Mosaddegh hadharani kulikuwa na hatari. Takhti hakuficha msimamo wake na alijiunga na Jabhat ya Taifa, mwavuli wa wafuasi wa kiongozi huyo. Mtu anayeweza kukusanya malori ya misaada kwa kutembea tu barabarani hawezi kuwa kipenzi cha utawala unaoogopa mikusanyiko. Kadiri miaka ilivyokwenda, milango mingi ya michezo na ya riziki ilizidi kumbana.

Mwili nao ulikuwa umechoka. Katika Olimpiki ya Tokyo mwaka 1964, ikiwa ni Olimpiki yake ya nne, alimaliza nafasi ya nne, na Medved akatwaa dhahabu. Mwaka 1966 alirudi Toledo kwa mashindano ya dunia akiwa na miaka 35, na safari hii hakupata medali yoyote. Mwaka huohuo alioa, na mwaka 1967 alijaaliwa mtoto wa kiume.

Chumba cha hoteli

Tarehe 7 Januari 1968 Takhti alikutwa amefariki katika chumba cha Hoteli ya Atlantic mjini Tehran. Mwanawe alikuwa na umri wa miezi michache tu. Serikali ilitangaza kwamba amejiua. Watu wengi hawakuamini, wakainyooshea kidole SAVAK, idara ya usalama ya Shah. Ubishi huo haujakwisha hadi leo, na wapo miongoni mwa waliomjua kwa karibu wanaosema hivi na wanaosema vile. Yaliyotokea ndani ya chumba kile anayajua Mwenyezi Mungu, na hatuna haki ya kumhukumu maiti kwa tetesi.

Lakini kuna jambo moja tunaloweza kulisema kwa yakini. Mtu huyu alikuwa amebeba mizigo mingi kwa wakati mmoja: matarajio ya taifa zima, uadui wa wenye mamlaka, mwili uliokwisha nguvu na majukumu mapya ya nyumbani. Maelfu walimtegemea. Tujiulize, katika familia na jumuiya zetu, yule tuliyezoea kumwona kuwa nguzo, anayelipa ada za watoto wa ndugu, anayetangulia kwenye misiba, anayesuluhisha magomvi ya wengine, ni nani anayemwuliza hali yake? Nguzo nayo huchoka. Kumjulia hali mwenye nguvu ni katika haki za udugu, kama ilivyo kumjulia hali mgonjwa.

Alizikwa katika makaburi ya Ibn Babawayh, huko Rey, kusini mwa Tehran. Umati uliofurika kumlilia ulikuwa pia ujumbe kwa utawala, na kila aliyekuwepo alilielewa hilo.

Tuwafundishe nini watoto?

Si kila kijana wetu atakuwa mwanamieleka, na si kila mwanamieleka atafika Olimpiki. Lakini kila kijana amepewa nguvu ya aina fulani: mwingine ya mwili, mwingine ya akili, ya sauti, ya fedha au ya kupendwa na watu. Mzazi anapompeleka mwanawe kiwanjani, mazoea ni kumwuliza arudipo, “Mmeshinda?” Swali hilo si baya. Liongezwe jingine: “Mlichezaje na yule aliyeumia?” Mtoto anayeulizwa maswali yote mawili kila wiki atakua akijua kwamba nyumbani kwao kuna kipimo zaidi ya ubao wa magoli.

Walimu wa madrasa na viongozi wa timu za vijana nao wanaweza kukitumia kisa hiki bila kukipamba. Wakisimulie chote, pamoja na fedha nne, pamoja na Tokyo na Toledo ya pili. Kijana anayesimuliwa ushindi mtupu hujiona duni siku anapoangushwa. Anayesimuliwa habari za Takhti atajua kwamba inawezekana kuangushwa mbele ya dunia nzima, ukainuka, ukampa mkono aliyekuangusha, na bado watu wakakuamini vya kutosha kuvua makoti yao na kukukabidhi uwapelekee wenye baridi.

Mwenyezi Mungu atujaalie vijana wenye nguvu na wenye huruma. Wabillahi tawfiq.